Alama ya Sifuri

Injini ya Shekue ilifika Cradley Heath ndani ya mabeseni saba,
moja la kufulia, lingali na sabuni pembeni.
Miaka mitatu ilikaa chini ya ngazi yangu
kama mgeni aliyeambiwa subiri, kisha mwenyeji akalala.

Noreen Tranter hakuuliza ni ya nani.
Aliining'iniza krenki, akaigonga kwa nyundo ya shaba,
ikalia sauti ndefu, safi.
"Haina ufa," akasema, akaenda kuchemsha chai.

Alianza na pistoni, zote sita.
Nilidhani nzito ndiyo mfalme, nyingine ziongezwe ziifikie.
Sivyo. Hutafutwa nyepesi kuliko zote,
na zile tano hukwanguliwa kwa ndani, pasipoonekana,
mpaka zilingane na ile nyonge.
Gramu nne. Gramu mbili u nusu. Vumbi la alumini
likatua juu ya biskuti yake; akapuliza, akala.

Mizani. Neno hili nililijua kwa marehemu mama,
aliyehesabu silabi kwa vidole vyenye unga wa chapati,
nane huku, nane kule, akisoma beti za gazetini
na kumhurumia mshairi aliyezidisha moja:
"Huyu gari lake linatikisika."
Hakuwahi kumiliki hata baiskeli.

Krenki ikalazwa juu ya roli, mkanda ukaizungusha,
kioo kikaonyesha pazito ni wapi. Drili ikashuka,
mnyoo wa chuma ukajikunja, ukadondoka.
Zungusha. Tundu jingine, dogo kama punje ya mtama.

Kisha akaishika puli ya mbele, ile niliyotaka kuitupa.
Ndani kitovu, nje pete nzito, katikati ukanda wa mpira:
kila silinda ikipiga, krenki hujipinda kidogo
kama nguo inayokamuliwa, na mpira humeza ule mtetemo.
Huu ulikuwa umekauka, umepasuka kama kisigino.
Akachora mstari wa chaki toka kitovuni hadi ukingoni,
akaisukuma pete kwa kidole gumba.
Mstari ukavunjika.

Na alama ya sifuri imechongwa kwenye pete ya nje.
"Imehama nyuzi kumi na mbili," akasema. "Labda kumi na tatu."

Nikakaa juu ya ndoo ya oili.
Shekue alipanga taimingi kwa alama hiyo,
usiku baada ya usiku, uani, tochi mdomoni,
na gari likakohoa, likachemka,
likatuacha kando ya barabara siku ya harusi ya Mwanaidi,
nami, mbele ya wakwe, nikamwambia
mkono wake hauna kipimo.
Hakujibu. Aliifungua injini yote, nati kwa nati,
akaandika majina kwenye kila beseni,
akahamia Halifax, ile ya ng'ambo ya bahari.

Usiku nilimtungia ubeti, kwa kipimo cha mama:

    Alama ulofuata, haikukaa pahali,
    Mpira ulojikata, ukaipeleka mbali,
    Kosa nilolitafuta, halikuwa lako kweli,
    Ndugu yangu, nimejuta, sinywi chai, silali.

Nikahesabu kwa vidole. Mwisho umepungua silabi moja.
Nikahesabu tena. Kwa sheria ya Noreen
mistari mingine yote ingekwanguliwa ifike saba.
Nikaukunja ule ubeti, nikautia kwenye beseni la sabuni.

Nikamtumia picha tu: puli juu ya benchi,
chaki imevunjika.

Saa tisa usiku simu ikatetemeka mezani.
Bila salamu: "Pistoni nyepesi ilikuwa ya ngapi?"
"Ya tano," nikaandika.
"Nilijua."